Kabla hujanunua daraja jipya la gitaa la umeme, pima kwanza (uzi mrefu)

NYUZI SITA (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Swali ninaloletewa mara nyingi kuliko yote kuhusu gitaa la umeme ni hili: "Halikai kwenye tyuni, nibadilishe daraja niweke lipi?" Nami hujibu vilevile kila mara: pesa ibaki mfukoni kwanza, tulipime. Daraja, yaani kile chuma mwilini mwa gitaa ambacho nyuzi hulalia, linabeba mvuto wa nyuzi zote sita. Seti ya geji (unene wa nyuzi) 10 hadi 46 kwenye skeli (urefu wa uzi kutoka kichwani hadi darajani) ya milimita 648, ikiwa kwenye tyuni ya kawaida, inavuta kwa takriban kilo 46, na inavuta usiku na mchana hata gitaa likiwa limetundikwa ukutani. Basi kila ugonjwa wa gitaa hujitokeza kwenye daraja, hata ule ulioanzia kichwani au shingoni, na daraja ndilo linalobebeshwa lawama.

Nitoe kisa changu. Nilikuwa na gitaa lenye tremolo, yaani daraja linaloyumba ukilibonyeza kwa mkono wake wa chuma, ya skrubu sita. Uzi wa kwanza, E nyembamba, ukawa unakatika. Nikaweka mwingine, ukakatika. Nikabadili aina ya nyuzi, ukakatika tena. Nikaamua daraja limechoka, nikaagiza jipya. Wakati nalisubiri, uzi wa nne ukakatika, na safari hii nikaziokota nyuzi zote zilizokatika nikazilaza mezani sambamba. Zote zilikuwa zimekatika umbali uleule kutoka kwenye kipira cha mwisho wa uzi, pale uzi unapopinda juu ya sedo, yaani kile kikalio kidogo ambacho kila uzi hulalia.

Nikachukua pamba ya kijiti, nikaipitisha taratibu juu ya sedo ile. Nilipoinyanyua, unyuzi mmoja mweupe ulibaki umenasa kwenye chuma. Jicho langu lilikuwa halijaona kitu siku zote hizo. Ni kijino kidogo mno cha chuma, na kilikuwa kinausaga uzi kila ninapouvuta. Nikasugua na msasa namba 600, kisha 1000, nikapitisha pamba tena, ikateleza bila kunasa. Uzi wa tano ulikaa mpaka nilipoutoa mwenyewe kwa uzee.

Daraja jipya lilipofika halikuingia. Matundu ya skrubu kwenye gitaa langu, kutoka la kwanza hadi la sita, yalikuwa na milimita 56, kipimo cha Stratocaster za mtindo wa zamani tangu 1954. Lile jipya lilikuwa la milimita 52.5. Milimita tatu na nusu tu, lakini huwezi kuzilazimisha kwenye mbao.

Kwa hiyo anayenunua aanze na rula. Pima katikati ya skrubu ya kwanza hadi katikati ya skrubu ya sita, au katikati ya nguzo hadi nguzo kama daraja lako linakaa juu ya nguzo mbili. Pima na unene wa nguzo zenyewe. Kwa tremolo, pima pia kina cha ile bloku ya chuma inayoshuka tumboni mwa gitaa, maana kwenye gitaa jembamba bloku ndefu itatokeza nyuma na kifuniko hakitafunga.

Na kabla ya hayo yote, fanya matengenezo kwa mpangilio huu: nyuzi mpya, kutyuni, shingo, kimo cha nyuzi juu ya freti (vile vyuma vinavyokatiza ubao wa shingo), halafu ndipo urefu wa kila uzi kwenye daraja. Ukianza na la mwisho utarudia kazi, kwa sababu ukigusa shingo, kimo kinabadilika. Na ukigusa kimo, usahihi wa noti unabadilika nao.

Shingo: bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na kwenye freti ya mwisho kwa pamoja, kisha angalia mwanya kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Robo ya milimita, yaani 0.25, ni pazuri pa kuanzia. Kimo: kwa magitaa ya mtindo wa Fender yenye ubao wa vidole usiopinda sana, pima kwenye freti ya 17, milimita 1.6 kwa nyuzi zote. Kwa mtindo wa Gibson watu hupima freti ya 12, milimita 2 upande wa nene na 1.2 upande wa nyembamba. Anayepiga kwa nguvu ainue kidogo kutoka hapo. Ni pa kuanzia tu, mkono wako ndio utakaoamua.

Karibuni kwa maswali. Mtu akieleza tatizo, ataje aina ya daraja.

MPIGA RITHIMU

Mkuu, asante kwa somo. Langu ni gitaa la mtindo wa Les Paul, daraja linakaa juu ya nguzo mbili, na nyuma kuna kile chuma cha kushikia nyuzi. Nyuzi mbili za pembeni ziko safi kabisa, lakini za katikati, D na G, zinalia zzzz kuanzia freti ya tano kwenda mbele. Nikiinua daraja mlio unaisha, ila E zote mbili zinakuwa juu mno, vidole vinauma. Nimeshaambiwa freti zimekwisha.

NYUZI SITA

Ndugu, usiguse freti bado. Hilo ni daraja la mtindo wa Tune-o-matic, ambalo Gibson walilitoa 1954 enzi za Ted McCarty. Mengi hutengenezwa kwa aloi ya zinki, na aloi hiyo ina tabia moja: mvuto wa nyuzi ukikaa juu yake miaka mingi, katikati hubonyea. Daraja linaanza kupinda kama ubao wa rafu uliojazwa vitabu. E mbili ziko karibu na nguzo, hazishuki. D na G ziko mbali na nguzo, ndizo zinazoshuka.

Legeza nyuzi, litoe daraja, liweke kama linavyokaa kwenye gitaa juu ya kioo au ukingo wa rula ya chuma. Mgongo wa chini unatakiwa kunyooka. Ukiona mwanga pembeni huku katikati imegusa, una jibu. Kipimo kingine kabla hujalitoa: pima kimo cha kila uzi kwenye freti ya 12, andika namba sita. Zikienda kwa mteremko mzuri kutoka uzi wa sita hadi wa kwanza, daraja ni zima. Zikizama katikati, limebonyea.

Wapo wanaolirudisha kwa jiliwa na vipande vya mbao, wakiliminya polepole. Nimefanya mara mbili. Moja lilinyooka, lingine lilipasuka mkononi, kwani aloi ya zinki haipendi kukunjwa mara ya pili. Kwa gitaa unalolitegemea, hapa ndipo ninapokubali mtu anunue jipya. Pima tu kati ya nguzo na nguzo, na uangalie kama nguzo zako ni zile nyembamba zilizokazwa moja kwa moja kwenye mbao au nene zenye bushi, yaani kikombe cha chuma kilichopigiliwa kwenye mbao. Madaraja ya aina hizo mbili hayaazimani.

Na ukiwa hapo, kile chuma cha nyuma usikikaze mpaka chini kwa imani kwamba sauti itakuwa ndefu zaidi. Kikishuka mno, nyuzi zinagusa mgongo wa daraja kabla ya kufika kwenye sedo, na zinalisukuma daraja liiname mbele. Kiinue mpaka uone mwanya.

MWANAFUNZI WA GITAA

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mgeni kidogo. Gitaa langu likiwa wazi, tyuna inasema kila uzi uko sawa. Nikipiga kodi za chini zinapendeza, nikipanda freti ya 12 kila kitu kinachacha. Nimetyuni mpaka nimechoka.

NYUZI SITA

Marahaba. Kutyuni hakutaliondoa hilo, ni urefu wa nyuzi kwenye daraja. Nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo jambo ambalo mwenye gitaa yeyote anaweza kulifanya mwenyewe kwa bisibisi moja.

Freti ya 12 ipo nusu ya njia kutoka nati ya kichwani, yaani kile kipande chenye mifereji ambacho nyuzi hupitia, hadi darajani. Kwenye skeli ya milimita 648, iko kwenye 324. Kihesabu, ukibonyeza hapo unapata noti ileile, oktava moja juu. Lakini kidole kinapousukuma uzi chini kinaunyoosha kidogo, na uzi ulionyooshwa unapanda sauti. Pia uzi una ugumu wake, haupindi vizuri mwishoni kabisa. Ndiyo maana sedo huwekwa nyuma kidogo ya hesabu, na kila uzi una kiasi chake.

Weka nyuzi mpya. Uzi mzee umejaa jasho na umechimbika juu ya freti, hautakupa jibu la kweli. Shika gitaa jinsi unavyolishika ukipiga. Likilala mezani shingo inakaa tofauti. Tyuni uzi wazi mpaka sindano itulie katikati. Kisha bonyeza freti ya 12 kwa nguvu zako za kawaida, usikamue, na usome tyuna.

Noti ikisoma juu, uzi ni mfupi: rudisha sedo nyuma, mbali na shingo. Ikisoma chini, uzi ni mrefu: isogeze sedo mbele, kuelekea shingoni. Kila ukisogeza, tyuni tena uzi wazi kabla ya kupima. Watu wengi huisahau hatua hiyo, wakaanza kuzunguka. Nusu toni moja ni senti 100, na ukifika ndani ya senti 2 acha, mkono wako wenyewe unayumba kuliko hapo.

Ukimaliza, tazama sedo zako kutoka juu. E nene iko nyuma kabisa, A mbele yake, D mbele zaidi. Halafu G, kama ni uzi mtupu usiozungushiwa waya, inaruka tena kurudi nyuma, kisha B na E nyembamba zinasogea mbele. Ngazi mbili za vipande vitatu. Kinachoamua hapa ni chuma cha ndani, na uzi wa G mtupu ni mnene kuliko kiini cha D, ndiyo maana unahitaji nafasi yake. Ngazi zako zikiwa na umbo jingine kabisa, rudia vipimo kabla hujaamini.

Jambo moja linalowachanganya wenye pikapu (vile vinasa sauti vya sumaku chini ya nyuzi) za koili moja: sumaku zikikaa karibu mno na nyuzi nene zinauvuta uzi, na noti za juu zinasikika kama mbili zinazogombana. Hapo utasogeza sedo hadi kesho. Shusha pikapu kwanza.

Wenye Telecaster ya sedo tatu wajue kwamba nyuzi mbili zinalalia sedo moja, hivyo hakuna mahali ambapo zote mbili zitakuwa kamili. Tafuta suluhu katikati, au weka sedo zilizochongwa mshazari kwa kazi hiyo.

KODI ZA JUU

Mimi nina tremolo inayoelea, ya kufunga nyuzi kwa mtindo wa Floyd Rose. Nikitengeneza uzi mmoja, mitano mingine inahama. Juzi uzi wa tatu ulikatika katikati ya wimbo na gitaa zima likapanda sauti. Kaka, hii kitu inatulizwaje?

NYUZI SITA

Pole sana kaka. Fungua kifuniko cha nyuma utaona springi. Daraja lako ni mizani: nyuzi zinavuta upande mmoja, springi upande wa pili. Uzi mmoja ukikatika, springi zinashinda, daraja linarudi nyuma na nyuzi tano zilizobaki zinakazwa. Ukibadili geji nene au nyembamba, mizani inahama vilevile. Geji 9 hadi 42 inavuta karibu kilo 38, ukitoka huko kwenda 10 hadi 46 daraja litainuka mbele bila shaka.

Njia iliyoniokoa muda ni hii. Kata kipande cha mbao kinachoingia kati ya bloku na ukuta wa mbao, upande unaolizuia daraja lisiinuke mbele, na daraja liwe sambamba na uso wa gitaa. Legeza kwanza springi kidogo ili mbao ishikwe. Sasa tyuni nyuzi zote. Kwa kuwa daraja haliwezi kusogea, utatyuni mara moja tu. Kisha kaza zile skrubu mbili ndefu zinazoshikilia kibati cha springi, robo mzunguko huku na robo mzunguko kule, hadi kipande cha mbao kianguke chenyewe. Kikianguka, pande mbili zimelingana. Ziache zile skrubu ndogo za kutyuni za darajani katikati ya safari yake kabla hujafunga nati ya kichwani, la sivyo utaishiwa nafasi upande mmoja.

Halafu makali. Daraja hilo linaegemea nguzo kwa kingo mbili zilizonolewa kama kisu, na kingo hizo ndizo zinazolirudisha palepale baada ya kubonyeza mkono wa tremolo. Usizungushe nguzo kupandisha au kushusha kimo nyuzi zikiwa zimekaza. Nguzo inausaga ukingo, na ukingo uliokwisha unaliacha daraja lirudi mahali pawili tofauti. Legeza nyuzi, zungusha, tyuni. Naona uvivu huu mmoja ukiua tremolo nzuri kabisa, na inaniuma.

Skrubu za kufungia nyuzi ni za alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 3. Zikaze zishike, basi. Ukikamua unapasua vile vipande vidogo vya chuma vinavyoubana uzi.

WAYA MWEKUNDU

Naomba niongezee swali. Gitaa langu linanguruma kwenye spika. Nikigusa tundu la waya, yaani jeki, linanyamaza. Nikigusa nyuzi, halinyamazi. Lilianza baada ya mtu mmoja kunibadilishia daraja.

NYUZI SITA

Dada, au kaka, umeshajipimia mwenyewe: waya wa ethi wa darajani umekatika au haugusi. Kwenye gitaa zima, ukigusa nyuzi ni sawa na kugusa jeki, kwa kuwa kuna waya mwembamba unaotoka kwenye daraja hadi kwenye ethi ya vifaa vya ndani. Kwenye tremolo za Stratocaster umelehemiwa kwenye kibati cha springi. Kwenye daraja la nguzo mbili mara nyingi unapita kwenye tundu ndani ya mbao na kubanwa na bushi ya nguzo mojawapo, kwa hiyo aliyeing'oa bushi na kuirudisha anaweza kuuacha umekunjamana pembeni bila kujua.

Chukua mita, iweke kwenye omu, ncha moja kwenye uzi, nyingine kwenye chuma cha nje cha jeki. Ikisoma karibu na sifuri, waya ni mzima na utafute tatizo kwingine. Isiposoma kitu, ufuate waya huo. Ukilehemu kwenye kibati, kwaruza kwanza chuma kidogo kwa tupa ili risasi ishike, na chuma cha kulehemu kiwe cha moto wa kutosha, maana kibati kinanyonya joto.

MPIGA RITHIMU

Nimerudi, mkuu. Namba sita za freti ya 12, kutoka uzi wa sita: 2.0, 1.8, 1.2, 1.0, 1.3, 1.3. Nimelitoa daraja nikaliweka juu ya rula, mwanga unapita pembeni kote. Limebonyea kama ulivyosema. Swali lingine, skrubu ya kusogezea sedo ya A imeshika kutu, haizunguki kabisa. Na tundu moja la skrubu ya kifuniko cha mbele linazunguka tu bila kukaza.

NYUZI SITA

Namba zako zimesema kila kitu, D na G zimezama. Freti zako hazina kosa.

Sedo iliyoshika kutu: kama unaliweka jipya, la zamani litumie kujifunzia. Lizamishe kwenye mafuta ya kulainisha kutu usiku kucha likiwa nje ya gitaa, usinyunyizie mafuta likiwa juu ya mbao. Asubuhi gusisha ncha ya chuma cha kulehemu kwenye skrubu dakika moja, joto huivunja kutu. Kisha bisibisi inayojaa mfereji wake. Kwa wale wenye sedo za alenki: angalieni saizi. Zipo za milimita 1.5 na zipo za inchi 0.050, ambayo ni milimita 1.27, na zipo za inchi 1/16. Alenki ya 1.5 inaingia kwenye 1/16 ikicheza kidogo, unadhani ndiyo yenyewe, kumbe unalisaga tundu mpaka liwe duara.

Tundu la skrubu ya kifuniko: vijiti vya meno viwili, gundi ya mbao, vunja usawa wa mbao, acha usiku mzima, rudisha skrubu. Inatosha. Lakini kwa skrubu za tremolo, zile sita za mbele, vijiti havifai, zinabeba mvuto. Hapo toboa tundu lote, gundisha kigingi cha mbao ngumu, kikikauka toboa upya kwa kipenyo cha kiini cha skrubu. Na usizikaze sita zote hadi chini. Ziache na mwanya mdogo daraja liweze kuinama, la sivyo utashangaa kwa nini halirudi kwenye tyuni.

MWANAFUNZI WA GITAA

Mtaalamu, nimefanya. Nyuzi tano ziko ndani ya senti 2! Zile ngazi mbili nimeziona kwa macho yangu. Imebaki E nene, bado inasoma juu senti 6 na sedo imeshafika mwisho, springi yake imebanwa hairudi tena nyuma.

NYUZI SITA

Hongera sana, kazi nzuri. Legeza uzi huo, toa skrubu ya sedo, itoe springi, ikate kwa koleo ibaki nusu, rudisha. Utapata milimita mbili tatu za ziada. Ila kabla ya kukata, pima kimo cha uzi huo kwenye freti ya 12. Kikiwa juu, kidole kinaunyoosha mno, na hizo senti 6 zinaweza kutoka hapo.

MWANAFUNZI WA GITAA

Kilikuwa milimita 2.8. Nimekishusha hadi 2, nikatyuni, nikapima: senti 1 juu. Springi sijaigusa.